Makala Yangu Kuhusu Njia ya Mkato

Katika sanduku la bati ambalo mke wangu amekuwa akinisihi nilitupe tangu tulipohamia nyumba hii, nimekuta karatasi tatu za saiklostaili zilizogandana kwa unyevu. Ni makala niliyoiandika mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya kijarida chetu cha wapenda fasihi, kijarida kilichotoka mara mbili kisha kikafa kwa kukosa karatasi na, nikisema kweli, kwa kukosa wasomaji. Kichwa chake ni "Nyayo za Umma". Nilikuwa na miaka 23, na katika umri ule hapakuwa na kitu ambacho sikukiita cha umma.

Si desturi mtu kuihakiki kazi yake mwenyewe. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nami sidai kwamba nimekuwa nyani wa namna nyingine. Lakini makala hii nimeisoma mara nne sasa, na kila mara imenikera mahali pale pale. Nimeona heri niichambue kama ambavyo ningeichambua ya mtu mwingine, bila kumwonea wala kumpendelea. Inahusu jambo dogo sana: jinsi wanafunzi wanavyotembea kila siku kutoka mabwenini kwenda madarasani na kurudi.

Kwa msomaji ambaye hajafika Mlimani, nieleze kidogo mahali penyewe. Chuo kilianza Oktoba 1961 huko mjini, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria, wakisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia juu ya kilima ambacho Waingereza walikiita Observation Hill, kilometa 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na ndiyo sababu hadi leo mtu mwenye haraka hataji jina refu la chuo. Husema tu "nipo Mlimani". Eneo lake ni ekari 1,625, na ekari hizo si za tambarare. Michoro ya mwanzo ilifanywa na wasanifu majengo wa London, Norman and Dawbarn, ambao walikwisha kuchora chuo cha Mona kule Jamaika na walijua kitu kuhusu jua na upepo. Majengo yaliachiwa nafasi ili kila moja lipate hewa, na vijia vya kuyaunganisha, hasa upande wa kumbi za mihadhara, vikawekewa paa. Ni mpango mzuri. Ila ukitawanya majengo juu ya kilima, maana yake ni kwamba mtu atatembea. Tulitembea kwenda kufungua kinywa kafeteria, tukatembea kwenda mhadharani, tukatembea kwenda maktaba, tukarudi kula, tukapanda tena. Kwa siku moja ya kawaida, bila kutoka nje ya mipaka ya chuo, sidhani kama kuna aliyekwenda chini ya kilometa sita.

Barabara ya lami hukizunguka kilima kwa sababu ilichorwa kwa ajili ya gari, na gari halipendi mwinuko wa ghafla. Mguu una hesabu nyingine. Mguu hukubali mwinuko mkali kidogo iwapo utaokoa nusu ya safari, na ndivyo ilivyozaliwa ile njia yetu ya mkato iliyoshuka nyuma ya mabweni, ikapita katikati ya mikorosho, ikavuka mfereji wa maji ya mvua juu ya jiwe moja, kisha ikapanda na kutokea nyuma ya kumbi. Kwa lami na vijia vyenye paa, safari ilikuwa dakika 15. Kwa mkato, 7. Nilipima kwa saa ya mkononi, na matokeo hayo nimeyaandika katika makala yangu kwa fahari ya mwanasayansi.

Sasa makala yenyewe. Inaanza kwa kishindo. Nasema kwamba historia ya Mlimani ni historia ya miguu, na ushahidi ninaotoa ni maandamano mawili, yale ya tarehe 22 Oktoba 1966 na yale ya Machi 1978. Kisha nadai kwamba kila mwanafunzi anayeacha lami asubuhi akakanyaga majani anayaendeleza maandamano yale yale "kwa nyayo za kimya".

Hapa mhakiki hana budi kumshika mwandishi mkono na kumketisha. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kutumikia kwa asilimia 40 ya mshahara, na lilikuwapo bango lililodokeza kwamba enzi za mkoloni mambo yalikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1978 waliandamana kupinga marupurupu mapya ya viongozi, nao wakafukuzwa kwa mamia. Wale wa kwanza walikuwa wakitetea cha kwao. Wale wa pili walikuwa wakipinga cha wakubwa. Mtu anaweza kuwaunga mkono wa mwaka mmoja na kuwakatalia wa mwaka mwingine, na watu wenye akili timamu wamefanya hivyo. Kuwafunga wote kwa kamba moja na kuiita kamba hiyo "umma" ni uvivu, na kumfunga humo humo mwanafunzi aliyechelewa semina ni utani. Aliyechelewa semina hakumbuki 1966. Anakumbuka kwamba karatasi ya mahudhurio imeshaanza kuzunguka.

Lakini nisimwonee kijana. Sehemu ya pili ya makala ni nzuri, na nasema hivyo bila kona mdomoni. Ameacha hotuba, ameinama, ameangalia chini. Anaandika: "Hakuna kamati iliyokaa kuipanga njia hii, wala bajeti iliyoipitisha. Wa kwanza aliyainamisha majani, wa kumi akayavunja, wa mia akaikuta njia." Bado naipenda sentensi hiyo. Isitoshe, mambo anayoyaeleza baada yake ni ya kweli. Majani hayafi kwa kukanyagwa tu. Hufa kwa sababu udongo umeshindiliwa mpaka mizizi inakosa hewa na maji hayazami. Maji yasiyozama hutiririka, nayo hufuata mstari ule ule ambao miguu imeuchimba. Mvua mbili tatu kubwa na njia imekuwa mfereji. Watu huukwepa mfereji wakapita pembeni, majani ya pembeni nayo yakafa, na njia iliyoanza kwa upana wa futi moja ikawa na upana wa kitanda, kisha wa lori. Kijana ameyaona hayo katika masika mbili za Mlimani na ameyaandika vizuri, pamoja na kile kisa cha matawi ya miiba ambayo mtu fulani aliyatandaza kuizuia njia. Miiba ilitandazwa Jumatatu. Kufikia Jumatano njia ilikuwa imepinda kidogo kushoto ikaizunguka, kama maji yanavyolizunguka jiwe.

Kosa kubwa lipo ukurasa wa tatu, katika aya ambayo wakati ule niliiona bora kuliko zote. Nainakili yote, kwa adhabu: "Njia ya mkato ndiyo kura ya kweli. Kila asubuhi sote twapiga kura kwa miguu, na kila asubuhi mchoraji wa kikoloni hushindwa kwa kura zote."

Sote. Kwa kura zote.

Chumbani kwetu tulikuwa wawili kwa mujibu wa orodha, na watatu au wanne kwa mujibu wa hali, kwani ulikuwa wakati wa kubebana. Mwenzangu wa kwenye orodha alitoka Songea. Alipatwa na polio utotoni. Alitembea kwa magongo mawili, na mguu wa kushoto aliuvisha chuma kilicholia taratibu kama bawaba ya mlango, hata usiku mtu aliyelala alijua kwamba jamaa amerudi. Alikuwa na mikono kama ya mvuvi na ulimi mkali. Kitu kingine alichokuwa nacho, ambacho mimi sikuwa nacho, ni ujuzi wa kupiga taipu; alikuwa amefanya kazi ya ukarani mwaka mmoja kabla ya kuja chuo. Basi "Nyayo za Umma" aliipiga taipu yeye. Stensili zote tatu. Aliketi jioni mbili akiniwekea sawa nafasi na nukta, akafika kwenye "sote" akaipiga, akafika kwenye "kura zote" akaipiga, akavuta karatasi akanipa.

Asubuhi tulitoka pamoja. Tulipofika pale njia ilipoachana na lami, yeye alisema maneno yale yale kila siku: "Pita, tutakutana huko." Nami nikapita. Tulikuwa wanane, tisa, wakati mwingine kumi, tukishuka kwa mstari katikati ya mikorosho. Nikifika ukumbini mapema, niliweka daftari langu kwenye kiti cha mbele karibu na mlango ili apate pa kukaa bila kupanda ngazi. Niliuhesabu huo kuwa wema, na kwa kiasi chake ulikuwa wema. Yeye alifika dakika kadhaa baadaye akiwa ameloa jasho. Ikawa hivyo miaka miwili na zaidi, na katika muda huo wote niliamini kwamba tofauti kati yetu ilikuwa zile dakika 8.

Masika ya mwaka 1995, nadhani ilikuwa Aprili, ilinyesha wiki nzima. Mkato haukupitika, ulikuwa ukoka wa matope mekundu juu na mto chini. Chuo kizima kikajibana kwenye vijia vyenye paa, madaftari tumeyafunika kwa mifuko ya plastiki, kandambili zikirusha maji nyuma ya suruali. Mwendo ulikuwa wa pole, wa magongo, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya mwendo mwingine. Na mwenzangu alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alibishana, aliwakejeli wenzetu wa Yanga, aliunga mkono hoja kisha akaipindua. Nikamwambia, "Wewe mvua inakupendeza."

Akasema, "Si mvua. Leo nimesikia mlivyobishana kabla ya darasa. Siku nyingine nakuta mmeshamaliza."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Mimi ndiye niliyebaki nalo.

Maana ni kweli, tulikuwa tukimaliza. Njiani ndiko tulikoizungumza mihadhara. Mhadhiri alitupa fundo. Sisi tulilifungua tukiwa tunatembea, mmoja akivuta huku na mwingine kule, na tulipofika kwenye lile jiwe la mfereji aghalabu lilikuwa limelegea. Njiani tuliambiana nani amepata kitabu kipi maktaba na kitarudishwa lini. Njiani tuliujadili mfumo wa vyama vingi, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 1992 na uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa unatungoja Oktoba 1995, na tuliujadili kwa ukweli ambao hatukuthubutu kuuingiza kwenye insha. Bumu lini, nani anaumwa, semina gani imeahirishwa: yote njiani. Kisha tuliingia semina, na mwenzangu akanyosha mkono na kuuliza jambo ambalo sisi tulikuwa tumekwisha kulitafuna na kulitema kwenye mikorosho. Tukatazamana. Wapo waliohema. Na kimoyomoyo, wala sijitoi humo, tukasema kwamba jamaa ni mwema lakini ni mzito kidogo.

Alihitimu kwa daraja la chini kuliko langu. Sidai kwamba njia ndiyo iliyofanya hivyo. Nasema tu kwamba tangu asubuhi ile ya mvua sijaweza kulitaja daraja langu mbele ya watu bila kukohoa kwanza.

Msomaji atauliza nilifanya nini baada ya kuambiwa. Mvua zilipokatika na mkato ukakauka, siku ya kwanza nilikwenda naye kwa lami. Siku ya pili nilirudi kwenye mkato.

Basi turudi kwenye uhakiki. Makala inasema njia iliyochimbwa na miguu ni kura. Si kura. Kura huhesabu aliyekuja na huacha orodha ya ambaye hakuja. Njia ya mkato huhesabu waliopita tu, na ambaye hakupita haachi alama yoyote mahali popote. Mwenzangu alitembea kwenye lami na zege miaka mitatu, na lami haishiki unyayo. Angepita mara elfu, mchunguzi anayesoma nyayo angeandika kwamba hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa mchunguzi huyo, nilikuwa nalala futi sita kutoka kitandani kwake, nami niliandika hivyo hivyo, na yeye akanipigia taipu.

Na si yeye pekee aliyesahaulika. Nimepitia karatasi zote tatu nikimtafuta mwanamke. Yupo mmoja. Anavuka mfereji akiwa amebeba viatu mkononi, nami nimemweka pale kama pambo, kama ua kwenye kiambaza. Hili linanitia aibu ya namna yake, kwa sababu miaka minne tu kabla ya makala, Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa Mlimani alijiua baada ya kuandamwa na wanaume na kuandikwa katika Mzee Punch, yale maandishi ya ukutani yaliyojificha nyuma ya mwandishi asiyejulikana na kuwadhalilisha watu, hasa wasichana. Mzee Punch alipigwa marufuku baada ya hapo. Sisi tulioingia mwaka 1992 tulikikuta kisa hicho bado cha moto. Wasichana wa darasa letu walituambia waziwazi kwamba wao huchagua njia kwa kuangalia kwanza ni akina nani wamekaa kando yake. Nililisikia. Halikuingia kwenye makala kwa sababu halikuafikiana na neno "sote", na neno lile nilikuwa nimelipenda.

Mpwa wangu alianza kusoma Mlimani mwaka 2023, nami nikapata kisingizio cha kwenda kuangalia. Mambo mengi ya matembezi yamebadilika. Mabweni ya Mabibo, yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliwaweka maelfu ya wanafunzi mbali na kilima. Kisha Aprili 2017 yakafunguliwa yale majengo 20 ya Hosteli za Magufuli, yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na umati mkubwa ukarudi kutembea kwa miguu ndani ya eneo la chuo. Novemba 2018 ikafunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuketisha watu 2,100, na bila shaka jengo la ukubwa huo huvuta miguu kama sumaku. Halafu wako wale wanaopanga vyumba Sinza, Msewe na Changanyikeni, ambao matembezi yao huanzia kwenye kituo cha daladala, na kwao mazungumzo ya njiani yalikwisha kufanyika, kama yalifanyika, wakiwa wamening'inia mlangoni. Niliogopa kwamba nitaanza kulia kama wazee wanavyolia: siku hizi vijana hawazungumzi, wanaangalia simu. Ndivyo nilivyoona kwa nusu saa ya kwanza. Baadaye niliona kwamba wanaangalia simu na wanazungumza, tena wengine wanaizungumza simu yenyewe, wakionyeshana maswali ya mwaka jana.

"Shikamoo, mjomba," alisema mpwa wangu, tukakumbatiana, na kabla hata ya chai nikamwomba anipeleke nikaione njia ya mkato. Njia yenyewe nadhani haipo tena. Niliona moja inayofanana nayo, mahali pengine kidogo, jambo ambalo lingemfurahisha yule kijana wa saiklostaili. Nikamwambia tupite.

"Sasa hivi sawa, mjomba, ni mchana na watu wapo. Jioni huwa tunapita kule kwenye taa."

"Ni mbali kule."

"Ndiyo, ni mbali."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni. Wao huondoka maktaba kwa makundi. Hungojana, hata kama mmoja amemaliza mapema. Akiwa peke yake huvaa kile kisikilizio cha simu kwenye sikio moja tu, na sikio la pili huliacha kwa ajili ya nyuma. Nilimuuliza kama kuna lililowahi kumpata. Akasema hapana. Akaongeza, "Kwa sababu tunapita kwenye taa." Nimepanda na kushuka kilima kile miaka mitatu, usiku na mchana, na sikuwahi hata siku moja kupanga nani nitatembea naye. Uhuru ule niliouimba katika "Nyayo za Umma" sikujua kwamba una bei, kwa kuwa wengine walikuwa wananilipia.

Nimebakiza neno kwa yule niliyemwita mchoraji wa kikoloni. Ni rahisi kumpiga mtu aliyekwisha kuondoka. Vile vijia vyenye paa nilivyoviandika kwa dharau, kwamba ni "mapito ya watu wanaoogopa jua", naviona leo kuwa ndiyo sehemu bora ya kazi yake yote, bora hata kuliko ule Ukumbi wa Nkrumah ambao sura yake iliwekwa kwenye noti ya shilingi 500. Ukumbi ni wa siku ya sherehe. Kijia ni cha kila siku, na kilikuwa mahali pekee pa kilima kile ambapo mwendo wa mwenzangu ulikuwa mwendo wa wote, japo ilihitaji mvua kutusukuma humo. Lawama yangu kwake ni ngazi. Wasanifu wa enzi zile, duniani kote, waliweka ngazi tatu hapa na nne pale kwa wepesi wa mtu anayeweka koma, bila kufikiri kwamba kuna ambaye sentensi yake inaishia hapo.

Kuna mawazo niliyoyasikia zaidi ya mara moja kutoka kwa watu wa mipango miji, kwamba busara ni kuacha watu wakanyage kwanza, halafu kuja na zege na kuziba pale walipokanyaga. Yule kijana wa 1994 anashauri hivyo hivyo katika aya yake ya mwisho, na ningekuwa na siku yangu ya zamani ningempigia makofi. Sasa naogopa. Ukiutia zege mkato wetu, kwa mwinamo ule, ni lazima uweke ngazi, na ukishaweka ngazi umeipa muhuri safari ambayo baadhi hawamo. Mimi ningepeleka zege, taa na paa kule kwenye njia ndefu. Ningeipanua mpaka watu wanne waweze kwenda sambamba wakibishana, ningeweka mabenchi, ningepanda miembe. Watu wangeendelea kukata majani, sina shaka. Mguu ni mguu. Lakini ubishi ungekuwa umehamia mahali pengine.

Mwenzangu ni mwalimu wa sekondari huko huko kwao, amebakiza miaka michache astaafu. Wiki iliyopita nilizipiga picha karatasi zote tatu nikamtumia kwa simu, pamoja na ujumbe mrefu ambao niliufuta na kuuandika upya mara kadhaa. Jibu lilikuja usiku. Alisema ameziona, na kwamba ukurasa wa pili, mstari wa nane, neno "mikorosho" limepungukiwa herufi moja. Aliliona kosa hilo siku ile ile stensili ilipotoka kwenye mashine akanyamaza, kwani karatasi zilikuwa chache.

Nikamuuliza kuhusu "sote".

Simu ilikaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika: "Hilo halikuwa kosa la chapa. Ndivyo ulivyoandika, nami nikachapa." Baada ya dakika moja akatuma ujumbe mwingine, akitaka kujua mfuko wa saruji unauzwaje huku Dar es Salaam, kwa sababu anajenga.